Chumba cha Watoto, Aldersyke

...na sasa amelala, kati ya siku zote za kulala amechagua hii, begani mwangu, mdomo wazi, mate yake yakilowesha ukosi wa koti ambalo mvua ilishalilowesha, na mimi nimesimama katika chumba cha watoto cha jumba la Aldersyke, mbele ya kamba nyekundu, namtazama farasi wa mbao mwenye jicho moja, najiuliza nimwamshe au nisimwamshe, maana akiamka tunatoka, na tukitoka ndiyo basi, Hilary amesema hivyo kwa upole wake ule ule, "Mwache apumzike, Janine, tutatoka akiamka," nikamshukuru, nilimshukuru kwa moyo, ofisa mwingine wa ustawi angetazama saa, sikujua kwamba ndani ya wema ule mna shimo, kwamba akilala mimi ninaye lakini yeye hana mimi, na akiamka ananipata ili aniache... leo ni mara ya mwisho, wenyewe wanaiita ziara ya kuagana, kana kwamba ni safari ya kwenda kula keki, na baada ya leo Edie ni mtoto wa watu wengine, kisheria, kwa jina la ukoo ambalo siruhusiwi kulijua, katika mji ambao siruhusiwi kuujua, nimeambiwa tu wana bustani, wana mbwa mzee asiyeng'ata, wana subira, na Hilary alipotamka subira alinitazama usoni kuona kama imeniuma, ikaniuma, lakini niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi litachelewa... na nilikuwa nimepanga kila kitu, bata kwanza, halafu bembea, halafu yule mwanamke wa aiskrimu karibu na lango anayewawekea watoto biskuti ya ziada akidhani mama zao hawaoni, nilinunua njegere za barafu kwa sababu bango la halmashauri linakataza mkate, mkate unavimbisha bata matumbo, na Edie anapenda kurusha, hana shabaha, njegere zinaangukia miguuni pake mwenyewe na anacheka kana kwamba bata ndio waliokosea, nilitaka anione nikicheka naye, basi, hicho tu, miaka yake miwili na miezi kadhaa sijui nimecheka naye mara ngapi kicheko cha kweli, kisicho cha kumwonyesha ofisa... lakini mvua ilianza hatujafika hata ziwani, mvua ya kwetu hii, hainyeshi wala haikatiki, inaning'inia hewani kama shuka mbichi, bembea zimelowa, ziwa limekuwa la kijivu, watu na mbwa wao wanapita wameinamisha vichwa wakisema "Si mbaya sana, eti?" kama tusemavyo mafuriko yakiwa magotini, na Hilary akasema, "Tuingie ndani ya jumba? Leo ni siku ya bure," na hatujamaliza ile ngazi kubwa kichwa cha Edie kikawa kimeanguka shingoni mwangu, na njegere zangu ziko mfukoni zinayeyuka, nasikia baridi yake ikipenya hadi pajani.

Ngazi ile ile aliyonipandisha mama yangu, mama aliyekuwa mpishi wa shule, mikono mikubwa yenye harufu ya kabichi, "Ingia kifua mbele, Janine, hii nyumba yetu, mabomba yake sisi ndio tunaoyalipia," alisema kwa sauti ili kila mtu asikie, na nilimwamini, nilifikiri kweli tuna jumba na tunalala kwingine kwa kupenda tu, mpaka nilipokua nikaelewa kwamba wenyewe walishindwa na kodi zamani za kale wakaliachia halmashauri, na halmashauri ikafungua malango, watu wa viwanda vya sufu wakaja na vikapu vyao kubingirika kwenye nyasi za bwana mkubwa, na bado wanabingirika, nami nilibingirika, mlima ule wa mbele, mama amesimama chini ameshika viatu vyangu, anapiga kelele, "Wewe, utamgonga yule padri!"... angekuwepo asingekubali, angekuja na funguo zake, angenivuta kitandani kwa miguu, angembeba Edie kiunoni huku anakaanga mayai, lakini alikufa hata tumbo langu halijaonekana, na baba wa Edie naye alikuwa ameshaondoka, hakuondoka kwa ugomvi, aliondoka kama watu wanavyoondoka kituoni, kisha nikazaa, kisha kitu ndani yangu kikazimika, sikumpiga, sikumtukana, nililala tu nimegeukia ukuta nikisikia kilio chake kama kilio cha nyumba ya jirani, najua analia, najua anataka chakula, mkono haunyanyuki, mkono wa mtu mwingine, na ni jirani wa kweli aliyegonga, Shirley wa mlango wa pili, akamtia Edie ndani ya sweta lake, akanichemshia chai ya sukari nyingi, akakaa ukingoni mwa kitanda na simu mapajani, akaniomba radhi kabla ya kuwapigia watu wa ustawi, "Nisamehe, mwanangu, sina budi," na analia yeye, mimi silii... Nilipona, nikaanguka, nikapona tena, kuanguka kwa pili kulikuwa kufupi, daktari alisema safari hii nimeshika kamba vizuri, na jaji alilisoma hilo, alilisoma lote, kisha akavua miwani yake, "Naona jinsi ulivyopigana, na sina shaka utapona kabisa, lakini mtoto hawezi kusimama mahali pamoja akikungoja," akanywa maji, na maji yalimpalia kidogo, mwanamke wa makamo mwenye sweta la zambarau chini ya joho, nikaona ana huzuni ya kweli, nikamhurumia, hebu fikiria, namhurumia jaji... laiti mmoja wao angekuwa mbaya, mmoja tu, ningemshikilia huyo, ningekuwa na mahali pa kutia meno, lakini wote ni wema, Shirley mwema, daktari mwema, Pauline anayemlea Edie sasa ananiwekea michoro yake kwenye bahasha kila Jumanne na kumvalisha lile gauni nililomnunulia hata lilipoanza kumbana, wote wananishika mkono huku wananitoa mlangoni, na mtu akitolewa mlangoni na watu wema, kosa anambandika nani...

"Kaa basi, mwanangu," ananiambia mzee wa chumba, kila chumba hapa kina mzee wake wa kujitolea, huyu tai yake ina chembe ya yai na kibao kifuani kinasema Wilf, "kiti changu hiki hakina historia, nimekinunua duka la vifaa vya bustani," na anakisukuma mbele, kiti cha kukunja, maana viti vingine vyote humu vina ua kavu la miiba katikati ya mto, ndiyo namna yetu, hatuandiki Usikae, hatumfokei mtu, tunaweka mwiba kwenye hariri na tunatumaini atauona, naye akiuona anajifanya hakuwa na nia ya kukaa, nimeishi kati ya miiba hiyo maisha yangu yote na bado nimeikalia, "Tutaona, Janine," "Tusiyatangulie mambo," "Tuchukue siku moja moja," mimi nilifikiri tutaona maana yake tutaona, nilinunua kitanda cha mtoto mkubwa, chenye kizuizi pembeni, Hilary alipokiona chumbani akasema "Kizuri," akatazama dirishani kwa muda mrefu... "Asante," namwambia Wilf, "nikikaa ataamka," na ni kweli, wao wanajua, sijui wanajuaje, unaweza kucheza, unaweza kupanda milima, goti likikunjika tu macho yanafumbuka, na Wilf anacheka bila sauti, mabega tu, "Wanangu watatu walikuwa hivyo hivyo, mke wangu alikula chakula chake cha jioni akiwa wima miaka sita, kama farasi," halafu anamgeukia Hilary, "Basi bibi yake akae, bibi anaonekana magoti yanamuuma," bibi yake, anadhani Hilary ni bibi yake, anadhani sisi ni familia iliyokimbia mvua, nangoja Hilary asahihishe, ni mtu wa kusahihisha, tarehe, majina, nani alisema nini, na ndipo naona shingo yake iko tupu, ile kamba ya kitambulisho haipo, ameivua, ameivua garini kabla hatujashuka na hakusema kitu, na Hilary anasema, "Yananiuma kweli, asante," anakaa, anakanda goti lake, na Wilf ameridhika, na kwa dakika hii mtoto wangu ana bibi, ana mama, kuna mzee anatutania, hivyo ndivyo ingekuwa, hivyo tu, hatukuomba jumba...

Kisha Hilary ameinuka, amesema anakwenda kutazama picha za ukumbini, na amesimama pale nje ya mlango ametugeuzia mgongo, picha anayoitazama ni ya ng'ombe, hakuna mtu anayetazama ng'ombe muda wote huo, ananipa nafasi, ananipa chumba na mtoto na mgongo wake, najua, na Wilf anaendelea kwa sauti ya chini kwa ajili ya Edie, wazee hawa wakipata msikilizaji hawamwachii, "Unauona mlango pale?" "Mlango gani?" "Haa! Huuoni! Hakuna anayeuona, ndiyo kazi yake," na anasogea, anabonyeza ukuta kwa viganja, na ukuta unafunguka, karatasi ya ukutani yenye ndege na matawi imekatwa tawi kwa tawi hata huwezi kujua, nyuma yake ngazi nyembamba za mawe, pumzi ya ubaridi inatoka, "Njia ya yaya. Inashuka hadi jikoni, jikoni hadi uani, uani hadi kwenye bustani. Anawachukua watoto na kuwapitisha huku, wageni wasikutane na kelele." Hadi kwenye bustani. Anauacha wazi, anasimama hatua mbili tu kando, anajifuta vumbi mikononi, na mlango uko wazi, na Hilary yuko na ng'ombe wake, na miguu yangu imeshafika chini, imeshapita jikoni penye masufuria ya shaba, imeshapita uani, nyuma ya vile vichaka vikubwa vya maua ya zambarau tulipokuwa tunajificha na mama, kituo cha basi kiko nje ya ukuta, basi la kwenda baharini linapita, najua, na Wilf asingenizuia, magoti yake, angesema tu "Angalia kichwa, mwanangu, dari fupi," tumekaa nyuma kabisa, dirisha lina ukungu, nachora bata kwa kidole, na Edie anaamka... anaamka, anatafuta sungura wake wa kitambaa mwenye sikio lililonyonywa, na sungura yuko garini kwa Hilary, analia, analia vile anavyolia, bila pumzi, abiria wanageuka, na anapofumbua macho kutafuta uso wa mtu anaukuta wangu, na uso wangu umejaa hofu, nauona kwenye kioo cha basi, ni uso ule ule, ule wa kitandani, wa kugeukia ukuta, na yeye amenyamaza ghafla anautazama... na tunashuka wapi, tunalala wapi, na asubuhi anakula nini, njegere... Mguu wangu haujasogea. Nimesimama palepale. Ubaridi wa ngazi zile unamfikia, anajikunja, anaingiza pua ndani zaidi ya shingo yangu, nami nageuka nusu nimkinge, na kwa kugeuka hivyo mlango uko nyuma yangu, sikuamua, mgongo ndio ulioamua, na hata hiyo hainifariji, kutokimbia si kitu, mtu hapewi chochote kwa kutokimbia.

"Na unajua Lady Honoria, mwenye jumba hili zamani, aliwaona watoto wake muda gani?" anasema Wilf, sasa amepamba moto, "Saa moja. Saa moja kwa siku, baada ya chai! Wamechanwa nywele, wamevalishwa nyeupe, wanashushwa sebuleni, wanasimama kwenye zulia, wanasoma shairi, wanabusiwa hivi," anabusu hewa kwa mbali, "halafu yaya anawapandisha juu. Saa moja. Mke wangu aliposikia alisema, 'Wilfred, nitafutie kazi ya kuwa Lady Honoria,'" na mabega yake yanacheka tena, na mimi najaribu kucheka, mdomo unafanya kitu, saa moja kila siku, Jumatatu na Alhamisi na Krismasi, na watu wanakuja kutoka mbali kulipa na kumsikitikia, mimi nilikuwa na Jumanne, katika chumba cha halmashauri chenye zulia lililochorwa barabara, mtu ameketi pembeni anaandika, Edie anaendesha gari dogo kwenye barabara ile na kila Jumanne gari linafika kwenye kona ile ile na saa inaisha, kila Jumanne anafungwa mkanda kwenye kiti cha gari la Pauline analia mikono imenyooka, kwangu, nami napunga na kutabasamu kwa sababu nilielekezwa nipunge na kutabasamu, napunga mpaka gari lipinde, na ndivyo itakavyokuwa leo, mikono ile, ila hakuna Jumanne nyuma yake... lakini angalau atakuwa ameniona, angalau, nikimwamsha sasa, tukipata dakika zetu, nitamwonyesha farasi, nitamwambia nampenda, atasema "Mama" na ule mkwaruzo wa mtu aliyetoka usingizini, ndiyo sauti yake nzuri kuliko zote, nataka kuisikia mara moja zaidi, ni kuomba sana, kuisikia mara moja, Hilary ataniweka kwenye picha, kwa ajili ya kile kitabu cha maisha ya Edie atakachokwenda nacho kwa watu wake wapya, picha ambayo uso wake unaonekana, si kisogo, nani atatazama picha ya kisogo miaka kumi ijayo, atasema huyu mwanamke ni nani na mbona mimi sipo... nikikaa tu. Kiti kile hapo, ni tupu sasa. Goti likunjike kidogo, ataamka mwenyewe, sitakuwa mimi niliyemwamsha. Au shavu, kidole gumba kikipita shavuni taratibu, hapa, penye joto, kidogo tu, tena kidogo, Edie, Edie wa mama...

"Na yule mdogo wao, Cecily," anasema Wilf, "alikuwa mlalaji, kama huyu wako. Akifika saa ya kushushwa amelala fofofo. Sasa yaya afanye nini? Lady hataki mtoto aliyelala, atamtazama nini? 'Rudisha hili, lete lililo macho!' Basi yaya anasimama naye hapo, mlangoni hapo hapo, anamfinya mashavu. Hivi. Yawe mekundu, macho yafunguke, aonekane mtoto mchangamfu. Halafu ndiyo anampeleka kwa mama yake." Anaonyesha kwa vidole viwili hewani, taratibu, kwa uangalifu, mzee mwenye mikono safi, hana habari, na mimi natazama chini na kidole gumba changu kiko kwenye shavu la mwanangu, kimeshabonyeza, pamebaki alama nyeupe, na alama ile inajaa wekundu nikiwa naitazama, wekundu mdogo, wa mviringo, na Edie amekunja uso, midomo imetafuna kitu kisichokuwepo, kope zimetetemeka, Mungu wangu, usiamke, usiamke, naondoa mkono, nauondoa na kuushika nyuma ya mgongo wake kana kwamba nimeukamata ukiiba, lala, lala, sikukusudia, nilikusudia, nilitaka unione, hicho tu, nilitaka nionwe mara moja na mtu anayenijua kwa jina moja tu, kwenye makaratasi nilianza kuwa mama nikawa mama mzazi, wameniongezea neno na kila neno wanaloniongezea linanipunguza, nilitaka nikae machoni pako dakika tano, na wewe ndiye ungelipa, ungelia barabarani kote, ungelia hadi kwa Pauline, usiku ungeamka... kope zimetulia. Pumzi imerudi, ile ndefu, yenye mlio mdogo puani... Hatakumbuka. Hilary alinieleza kwa uangalifu, katika umri huu hawakumbuki, si bata, si uso, si mimi, halafu aliona nilivyokuwa akaongeza kwamba mwili hukumbuka, sijui kama ni kweli au ni kitu wanachotuambia ili tuweze kusimama na kutoka ofisini, mimi nadhani haukumbuki, nadhani siku moja atapita hapa mkubwa, mrefu, na mbwa mwingine, akimbilie humu kwa sababu ya mvua, na Wilf mwingine amwonyeshe mlango, na asihisi kitu, chochote, aseme "Lo, pazuri," na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe, kama nampenda hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe, na sina mahali popote pa kuuweka ukweli huo, mwilini mwangu wote hakuna rafu ya kuuweka... basi kuagana ni kwangu. Ni kwangu peke yangu. Yeye hana haja nako, yeye alikuja kuona bata, akachoka, akapata bega. Kilio cha leo nimchukulie. Kile cha kwenye mkanda, mikono imenyooka, nikichukue mimi, ninacho changu, kimoja zaidi hakitajulikana.

"Nimesema kitu, mwanangu?" anauliza Wilf, ananitazama, kwa hiyo uso wangu unafanya jambo, na anaufunga mlango wa yaya polepole, ndege wanaungana na matawi yao, anatoa kitambaa mfukoni, cha nguo hasa, si cha karatasi, kimepigwa pasi pande nne, hanipi mkononi kwa sababu mikono yangu imejaa, anakiweka kwenye bega langu la pili, kama mtu anayetandika, na anarudi mahali pake kutazama dirishani, "Inakaribia kukatika," anaiambia mvua, si kweli, haikatiki. Viatu vya Hilary vinakuja. Amesimama kizingitini, nywele zimemshika paji, simu ya kupigia picha mkononi, na anaona kitambaa, anaona shavu la Edie lenye doa jekundu, anaona kila kitu, ni kazi yake, na sauti yake ni ya mtu anayekanyaga vipande vya kioo, "Janine. Unaonaje, tumwamshe? Umuage vizuri?" na anamaanisha, kwa mara hii hakuna mwiba chini yake, yangu ni kuamua, na mwili wangu wote unasema ndiyo, kila kiungo, "Mama," na ule mkwaruzo, mara moja, nani ataniona vibaya... "Hapana," nasema. Naisikia ikitoka, ndogo, kavu. "Usimwamshe. Nitambeba hadi garini. Akiendelea kulala nitamfunga mkanda mimi." "Una hakika?" Sina hakika, sina chochote, "Pua yake inaziba akilala chali," nasema, "waambie wamlaze ubavu, ule wa kushoto, anaupenda wa kushoto," na Hilary hatafuti kalamu, anasikiliza kwa uso wake wote, "na akilala begani namna hii wasikae chini mapema, wasimame naye. Watachoka mgongo. Waambie wasimame tu." "Nitawaambia," anasema Hilary, na hasogei, wala Wilf hasogei, wala mimi, mvua iko palepale kwenye vioo, na Edie anapumua, kwenye shingo yangu, joto, halafu baridi, halafu joto.